Siku ya rodeo Birmingham, mume wangu alipoanguka na kukataa kuinuka

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine wote habari za saa hizi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Miaka nasoma nyuzi za wenzangu, nacheka peke yangu, naondoka. Leo nimeona nami niache kitu.

Sina ufundi wa kuandika, na habari yenyewe haisisimui kama za wale wanaofukuzwa na majini. Ila ilinitokea, na sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha. Mwenye habari, yaani mume wangu, ameisoma kabla yenu na amesema sawa, weka.

Nipo Birmingham, Uingereza. Haya ni ya miaka ya 2000 katikati, enzi za kadi za kukwangua ukitaka kupiga simu nyumbani.

Tulikuwa tunakaa Saltley, nyumba zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako.

Mimi ni wa Kigoma. Mume wangu, tumwite Bahati, ni wa Uvira, ng'ambo ya ziwa tu. Tulikutana huku huku, kanisani. Alikuja mkimbizi, akasoma, akaanza kwa kuendesha gari la kuwapeleka wazee kliniki, baadaye akaingia kwenye ambulance zenyewe, zile za ving'ora. Wazungu jina likawashinda, wakamfupisha, wakamwita Baz.

Mimi nilikuwa nursing home, shift za usiku. Kuogesha wazee, kuwageuza, kubadilisha mashuka. Mnaoijua hiyo kazi mnaujua mgongo wangu.

Kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa ya kupishana mlangoni. Mmoja anavua koti, mwingine anavaa. Binti yetu Neema, wakati huo darasa la mwisho la primary, tulikuwa tunapokezana kama kijiti.

Sasa.

Mwaka huo, katikati ya baridi, Bahati aliacha Kiswahili.

Sijui kama mnanielewa. Hakusema "kuanzia leo siongei." Aliacha tu. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Na si Kiingereza chetu hiki cha kuchanganya, ni kile cha kazini, kilichopigwa pasi. "Could you pass me the salt, please." "Are you all right there, love?"

Wakuu, mwanaume wa Uvira, aliyekuwa akinigombeza kwa Kiswahili chao kile cha kuvuta mpaka nasahau kosa lenyewe, leo ananiita love! Hiyo love anawaita bibi zake wa ambulance wakiwa kwenye machela.

Nikimwuliza kuna nini, ananiambia "I'm just tired."

Uchovu ninao hata mimi. Mbona mimi bado naongea lugha yangu?

Halafu akaanza tabia ya kukaa ndani ya gari. Anafika nyumbani, anapaki nje, anazima injini, anakaa. Mimi nipo dirishani na koti langu, nachelewa kazini, namwangalia mume wangu akiangalia usukani.

Neema yeye hakuona tatizo. Watoto waliozaliwa huku mnawajua, Kiswahili wanakisikia lakini jibu linatoka Kiingereza. Kwake ikawa nafuu. "Mum, he's just being polite."

Kina mama wa kanisani wao jibu walikuwa nalo tayari: ana mzungu. Mwanaume akianza kunyoosha Kiingereza nyumbani, kuna mahali anafanyia mazoezi.

Nilimpigia dada yangu Anna, anakaa London. Hakuuliza mengi. Akasema, "Njoo na mtoto. Chumba kipo."

Najua kuna watakaoandika hapa chini "wanawake mna haraka." Sawa. Ila niwaambie ukweli, sikuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na zangu zilikuwa zinaishia kwa wazee wa watu. Nilikuwa nimechoka kuishi na mtu mwenye heshima kama karani wa benki. Nikaanza kuulizia shule za huko London, kimya kimya.

Hapo ndipo anaingia Harjit.

Harjit alikuwa mwenzake Bahati kwenye gari, crew moja. Singasinga, kilemba na ndevu nyeupe, kazaliwa Nakuru. Familia yao ilihamia Uingereza yeye akiwa kijana. Kiswahili chake ni cha Kenya kabisa, na akikipata mtu wa kuzungumza naye hakiachi.

Alikuja nyumbani mchana mmoja Bahati akiwa kazini. Hakutaka kukaa. Akasimama kwenye korido yetu nyembamba.

"Mama Neema, kuna rodeo."

"Rodeo ndiyo nini?"

"Ile ya macowboy, bana. Kofia kubwa, farasi, kamba. Kuna shamba la farasi huko nje ya mji, watu wetu wanafanya kila mwaka. Ambulance, fire, polisi. Ni charity, ya familia za wenzetu walioumia kazini."

"Sasa mtapanda ng'ombe?"

"Ng'ombe wa mashine. Sheria ya hapa haitaki usumbue mnyama. Timu ni familia, baba, mama, mtoto. Yenu nimeandikisha."

"Bahati amekubali?"

Akanitazama. "Bahati hakatai kitu siku hizi. Hujaona? Hiyo ndiyo inanitisha."

Nilitaka kumwuliza zaidi, mlango ukawa umeshafunguliwa, anashuka ngazi.

Nikakubali, na sababu yangu haikuwa nzuri sana. Nilikuwa nimepanga wikendi ile ile nimwambie Bahati kuhusu London. Nikajisemea, basi Neema apate siku moja ya kutoka na baba na mama yake pamoja, ndipo nivunje.

Jumamosi ikafika. Mimi nimetoka shift, sijalala. Nimeoga, nimevaa suruali ya zamani, nikaingia kwenye gari na kuegemeza kichwa kwenye kioo. Bahati anaendesha, Neema nyuma anasoma ramani kwa sauti. Nakumbuka tulipita Edgbaston, miti na majumba makubwa yaliyojificha nyuma ya ua, halafu nikapotelea usingizini. Nilipozinduka kulikuwa na ng'ombe wa kweli wanatuangalia kutoka ng'ambo ya uzio, na matope.

Matope, wakuu. Mvua ya huku hainyeshi, inakujaribu tu siku nzima.

Uwanja wenyewe ulikuwa shamba lililozungushiwa kamba na marobota ya majani makavu. Watu wazima, mapolisi na zimamoto, wamevaa kofia za cowboy na buti za mpira za bustani. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa mzee mstaafu wa zimamoto, anajitahidi kuongea Kimarekani, lakini kila sentensi inamalizikia Birmingham.

Harjit alikuwa na kofia pia. Kwa kuwa kilemba hakikubali kofia juu yake, aliifunga kwa uzi ikaning'inia mgongoni kama mtoto.

Kila familia ilikuwa na kazi tatu. Mtoto anamzungusha farasi mdogo kwenye mapipa. Mwingine anarusha kamba ya kitanzi kumnasa ndama wa mbao. Wa tatu anapanda fahali wa mashine, anahesabiwa sekunde.

Neema akaanza. Farasi wake alikwenda vizuri mpaka pipa la pili, hapo akainamisha shingo akaanza kula majani. Mtoto anambembeleza, uwanja mzima unambembeleza, farasi anatafuna. Nilimwona Neema anacheka mpaka anashika tumbo. Nikasikia uchungu kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa anacheka hivyo.

Zamu yangu, nikarusha kamba. Ndama wa mbao hakuguswa. Kitanzi kilimpata refa, mama mmoja polisi, begani. Watu wakapiga makofi kama nimekusudia.

Nikageuka kumtazama Bahati. Anapiga makofi naye, taratibu. "Well done, love."

Nikaangalia pembeni.

Ikaja zamu yake.

Yule fahali ni kama pipa lililovishwa ngozi, lina pembe za mpira, limesimamishwa katikati ya godoro kubwa la upepo. Unavua viatu, unapanda, unashika kamba kwa mkono mmoja. Kuna kijana pembeni ana kisanduku cha kuongezea mwendo.

Bahati akavua viatu, akavipanga vizuri, akapanda.

Wenzake walikuwa wanarukaruka, kofia hewani. Yeye alikaa pale juu kama mtu anayesubiri zamu yake posta. Mashine ikaanza kuyumba, naye anayumba nayo. Watu wanaimba "Baz! Baz! Baz!" Mwendo ukaongezwa. Hakupiga kelele, hakuinua mkono. Nikaona vidole vyake vinaachia kamba. Si kwamba vilishindwa. Viliachia.

Akaenda chini, mgongo ukatua kwenye godoro.

Watu wakashangilia. Tukasubiri ainuke.

Hakuinuka.

Sasa fikirieni wakuu. Mtu kaanguka, na uwanja mzima ni watu wa ambulance, zimamoto na polisi. Walivyomiminika! Mmoja kashika kichwa, mwingine kashika mapigo ya moyo, mwingine anamwuliza anaitwa nani na wote wanamjua. Wengine wanafukuza watu wasogee, na hao wanaofukuzwa nao wana mabegi ya huduma ya kwanza. Kila mmoja ndiye kiongozi wa tukio.

"Baz, mate, does anything hurt?"

Hajibu. Macho yake yako wazi, anatazama mawingu, na mvua inamwingia machoni wala hapepesi.

Niliacha buti zangu kwenye matope, nikakimbia na soksi. Nilichokuwa nacho kichwani ni kitu kimoja tu, uti wa mgongo. Nikapiga magoti karibu naye, godoro linanesa, nikamshika shavu.

"Baba Neema. Baba Neema, unanisikia?"

Akageuza macho. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama Neema, ambia hawa batu baniache. Sina maumivu. Niko mchovu tu."

Kiswahili. Chao kile.

Nilitaka kuwaambia wale watu, nikashindwa kupata hata neno la Kiingereza. Harjit akawa ameshafika. Akawaambia hajaumia, tupeni nafasi kidogo. Wakaondoka, lakini polepole, wanageuka nyuma. Watu wa kazi ile hawajui kumwacha mtu amelala chini.

Tukabaki wanne pale kwenye godoro. Bahati amelala, mimi nimepiga magoti, Harjit kakaa na kofia yake mgongoni, na Neema amesimama anaogopa kusogea.

Bahati akaanza kuongea akitazama juu. Nawaandikia nilivyosikia.

"Kulikuwa ile nyumba tuliitwa, mtaa ya Lozells. Mama na binti yake mdogo, wako wawili tu. Mtoto hapumui. Ile mama hajui Kiingereza, analia, anatuvuta nguo. Miye nikamwuliza kwa Kiswahili, mama, ilianza saa ngapi? Akaacha kulia. Akaniangalia. Akasema, ah, Mungu ametuma mtu wetu. Akanishika hapa. Kaka, usimwachilie. Kaka, weye ni wetu."

Alikuwa ameshika ukosi wa shati lake mwenyewe.

"Kwa Kiingereza kuna maneno ya kusema. We're doing everything we can. Wanatufundisha, tusiseme kupita pale. Lakini kwa Kiswahili hakuna mtu alinifundisha. Nikamwambia, usiogope, atapona. Ilitoka tu. Atapona."

Akafumba macho, akaendelea.

"Hakupona, Mama Neema. Na ile mama alikuwa amenyamaza kwa sababu yangu. Alikuwa ameketi, ametulia, anangoja, kwa sababu mtu wao amesema atapona."

Mimi nilikuwa bado nimemshika shavu.

"Sasa nikifungua kinywa niseme Kiswahili, ile neno iko mbele inangoja. Hata kama nataka chumvi tu. Vraiment, kweli kabisa, hata chumvi."

Miezi nilikuwa nimejiandalia maneno, na hakuna hata moja lililofaa pale.

Aliyeongea ni Harjit, anatazama magoti yake.

"Bahati, mimi pia nilikuwa hapo. Nilisikia kila neno. Nikajifanya Muhindi asiyejua Kiswahili, ndio huyo mama asinishike mimi. Umewahi kufikiria hiyo? Alikuwa na watu wawili wa kumwelewa, na ni mmoja tu alifungua mdomo."

Bahati akageuza kichwa kumtazama.

"Hujawahi kusema," akamwambia.

"Wewe pia."

Hapo Neema akasogea. Tulikuwa tumesahau kabisa kwamba anaelewa. Alikuwa amesikia yote. Akakaa kwenye godoro karibu na baba yake, akauliza, "Dad, what was her name? The little girl?"

Bahati akamtajia. Alilijua, maana mama wa yule mtoto alikuwa akiliita. Mimi hapa siliandiki.

Neema akalirudia mara moja, taratibu, alitamke sawasawa.

Basi ndipo Bahati akalia. Alilia amelala, mkono umefunika macho, na mvua ikasaidia watu wa mbali wasijue. Sikumwambia nyamaza. Nilijikunja nikalala pembeni yake, na mimi mgongo ulikuwa unaniuma tangu usiku, kwa hiyo msinione shujaa.

Baadaye kidogo nikamwambia, "Na mimi nilidhani una mwanamke."

Akatoa mkono usoni. "Mwanamke? Nguvu natoa wapi?"

Harjit akacheka kwanza, akijizuia. Halafu mimi. Halafu yeye mwenyewe, na machozi yapo.

Kumbe yule mzee wa kipaza sauti alikuwa anatuangalia muda wote. Akasema, safari hii kwa Kibirmingham chake cha kuzaliwa, "Take your time, folks. No rush." Na foleni ya macowboy waliokuwa wanasubiri zamu, wamelowa, hakuna hata mmoja aliyetugunia.

Tulipomwinua, uwanja ukapiga makofi. Walidhani ni mgongo.

Timu yetu ilishika mkia, au karibu na mkia. Farasi mla majani alituharibia.

Kurudi nyumbani niliendesha mimi. Neema alilala nyuma na kofia usoni. Bahati aliongea njia nzima, mambo ya kawaida tu, bei ya matairi, mama yake, samaki wa ziwani kwetu. Kama mtu anayejaribu mguu uliotoka kwenye plasta.

Habari ya London nilimwambia siku chache baadaye, mezani. Akasema, "Ungeenda, ningekuelewa." Nikampigia Anna nikamwambia chumba ampe mtu mwingine.

Msidhani iliishia hapo kwa raha. Hapana.

Alipewa likizo, akapelekwa kwa mshauri, mama mmoja mpole wa Kiingereza. Ilisaidia, ila alirudi anasema kuna vitu akivitafsiri vinakufa njiani. Alitaka kumwona yule mama wa mtoto. Tukaenda Lozells wote wawili. Mlango ulifunguliwa na watu wengine kabisa. Mwenye duka la kona akatuambia ndugu zake walikuja kumchukua, wakahamia mji mwingine, hajui upi.

Bahati alisimama pale barabarani muda mrefu. Alikuwa amekuja kuomba msamaha, na mtu wa kumwomba hayupo. Mimi nilisimama naye. Sikuwa na dawa ya hilo, na mpaka leo sina.

Alirudi ambulance, akafanya muda kidogo, kisha akaomba mwenyewe arudishwe kuendesha wazee kliniki. Watu walisema ameshuka cheo. Wacha waseme. Usingizi anapata.

Kiswahili kilirudi, ila si chote na si kila siku. Zipo siku anaingia mlangoni na Kiingereza chake cha pasi. Sasa nazijua. Simfokei, simwulizi. Naweka chakula, nakaa upande wake wa meza. Saa nyingine hasemi mpaka kesho yake. Saa nyingine hasemi kabisa, na tunaosha vyombo.

Nilichojifunza ni hiki. Mwenzako akibadilika ndani ya nyumba, kabla hujaanza kunusa mashati, jiulize amesikia nini huko anakoshinda. Hasa hawa wetu wa ambulance, zimamoto, wauguzi, wakalimani. Wenzao wazungu wakisikia mama wa kwetu analia, wanasikia kilio. Wetu wanasikia maneno. Wanarudi nayo nyumbani, na sisi tunawauliza kwa nini hawajatoa takataka.

Na kama wewe ndiye uliyebeba, mwambie mtu. Usisubiri mpaka uanguke mbele za watu. Si kila mji una rodeo.

Nawasikiliza sasa. Wenye waume au wake wa kazi hizi, mnaishije nao? Na ninyi mnaozifanya, mkifika nyumbani mnataka tuwaulize au tuwaache? Mimi bado sijui, nabahatisha tu.

Nisipojibu mapema msinune. Nimetoka shift asubuhi hii, macho yenyewe yananifumba nikiandika, na Baba Neema anaita kutoka jikoni mara ya pili sasa: "Weye, uji unapoa."